Mdogo Wangu Alipata Wazazi Wengine

Mimi na mdogo wangu wa mwisho tumezaliwa na baba mmoja na mama mmoja, katika nyumba moja pale Ulemo, lakini hatukulelewa na watu walewale. Imenichukua miaka mingi kuweza kulisema hilo bila sauti yangu kubadilika.

Mimi ni wa kwanza. Baada yangu walifuata wavulana wawili, kisha kikapita kipindi kirefu mama hazai, watu wakadhani amemaliza, ndipo akaja huyu. Alipozaliwa mimi nilikuwa msichana mkubwa tayari, nachota maji kwa ndoo ya wakubwa. Nilimbeba mgongoni mpaka wapita njia wasiotujua wakawa wananisalimia kama mama mtu.

Baba aliyenilea mimi alikuwa mtu wa mwaka huu. Mvua zikikaribia kwisha na watu wakianza kuteremka bondeni kutayarisha bustani za vitunguu, yeye alisimama uani mikono kiunoni akasema mwaka huu ndio wenyewe. Alijua kusema. Ukimsikiliza uliviona vitunguu vimeshapakiwa, lori limeshatoka Misigiri kuelekea Dar es Salaam, na sisi tumeshahamia kwenye nyumba ya tofali za kuchoma. Hakuwa mvivu, sitaki mtu amfikirie hivyo. Alilima mpaka viganja vikawa kama ngozi ya kisigino. Ila hakuamini kitu kidogo. Kuku aliwaita mambo ya wanawake. Kupanda mtama kidogo, alizeti kidogo na viazi kidogo aliuita woga. Shamba lote lilikuwa liende kwenye vitunguu, na kama halitoshi, tukodi la jirani.

Mama aliyenilea mimi alikuwa mtu wa kunyamaza. Alikuwa na maoni, hilo nilikuja kulijua baadaye, lakini aliyameza. Baba akiongea, mama alipepeta.

Mwaka mmoja kweli ukawa wenyewe. Vitunguu vilishika bei, madalali wakaja wenyewe mpaka shambani, na baba akarudi nyumbani na pikipiki na redio kubwa yenye spika mbili. Alichinja mbuzi, majirani wakala. Nakumbuka mama alimwomba jambo moja tu. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, na upande wa chumba cha watoto paa lilivuja kiasi kwamba masika tulilala tumejibana kwenye kona. Mama alimwambia, kwa upole, kwamba pengine wangenunua bati za upande ule tu. Baba alicheka, hakucheka kwa ubaya. Akasema nyumba haijengwi kwa vipande, msimu ujao atajenga yote kwa mkupuo, mama asubiri. Mama akaendelea na kazi zake.

Msimu ule uliofuata nilikuwa kidato cha pili. Niliipenda shule kwa namna ambayo leo naona aibu kidogo kuieleza, maana inaonekana kama najisifu. Nilipenda hata harufu ya chumba cha darasa asubuhi kabla watu hawajajaa. Nilitaka kuwa mwalimu wa hesabu. Nilikuwa nimeshachagua mwandiko nitakaoutumia ubaoni, nikaufanyia mazoezi kwa kipande cha mkaa kwenye jiwe lile kubwa nyuma ya nyumba yetu.

Baba alikuwa ameweka kila kitu bondeni: pikipiki iliuzwa kununua mbegu na mafuta ya pampu, mashamba ya watu wawili yakakodiwa. Vitunguu vilikubali vizuri mno, na ndivyo vilivyokubali kwa kila mtu, mpaka ng'ambo ya wilaya. Bei ikaanguka. Madalali walipita wakaangalia, wakataka lumbesa, gunia lililojazwa mpaka likafura juu, kwa bei ya kukutia haya, baba akakataa, akasema atangoja. Alingoja navyo nyumbani. Vilirundikwa chumba cha mbele na chini ya kibanda cha nyasi uani, na vikaanza kuoza kuanzia katikati, kimyakimya, mpaka majimaji yalipotoka chini ya magunia. Harufu ile ilikaa kwenye nguo zetu za shule. Wenzangu darasani walihama dawati, hawakuniambia kwa nini, na mimi sikuwauliza.

Shule zilipofungwa baba aliniita. Mama alikuwepo, amekaa kwenye kigoda, amenipa mgongo. Baba alisema ada ya muhula unaofuata haipo, kwa hiyo nikae kidogo nimsaidie mama, msimu ujao nitarudi. Alisema kama mtu anayetaja jambo la wiki mbili. Nikajibu sawa baba. Nilikwenda kufua sare yangu, nikaikunja, nikaiweka chini ya godoro ili isipate mikunjo mibaya kabla ya kurudi.

Sikurudi. Msimu uliofuata ukaja na mambo yake, na mwingine ukaja na yake. Mtu wa kijijini kwetu aliyekuwa na jamaa mjini alisema kuna familia ya Wahindi wenye duka la vitambaa Singida wanatafuta msichana mwaminifu wa kusaidia. Niliondoka asubuhi, mdogo wangu akiwa ameshika kanga yangu hataki kuiachia. Mama alimng'oa vidole kimoja kimoja.

Mjini nilianza na kazi za ndani, kisha mama mwenye duka akanishusha dukani alipoona napima kitambaa bila kukosea. Hapo nimekua. Hapo nilikutana na mume wangu, fundi cherehani wa barazani, na nimezaa watoto wawili. Sina cha kulalamika dhidi ya duka lile. Ila kila mwezi wa kwanza wanafunzi walipokuja na wazazi wao kununua vitambaa vya sare, nilikuwa nawakatia bila kuwaangalia usoni.

Nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza, nilipigiwa simu kwamba baba amelazwa Kiomboi. Alikuwa amechomwa na kijiti mguuni huko bondeni, kidonda kikakataa kupona, akakifunga kitambaa akaendelea na kazi mpaka mguu ukavimba ukawa mweusi kwenye vidole. Walipompima walikuta sukari iko juu na presha iko juu. Kumbe alikuwa akiumwa miaka yote ile, kiu isiyoisha, kwenda haja ndogo kila mara, hasira za ghafla, na sisi tulidhani ndivyo alivyo.

Nilikwenda kumuuguza. Alikatwa vidole viwili. Baba yangu, mtu wa maneno, alilala akitazama ukuta. Siku moja muuguzi mmoja, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alivuta kiti akakaa karibu na kitanda. Nilitegemea ataanza kumkaripia kama wagonjwa wengi wanavyokaripiwa. Akamuuliza chai yake anaitia sukari kiasi gani. Baba alijibu kwa kujikaza kwamba ni vijiko vinne, wakati mwingine vitano.

"Mzee, sikuambii ubadilike leo," muuguzi alisema. "Ukirudi nyumbani, wiki ya kwanza toa kijiko kimoja. Hicho tu. Wiki ya pili utatoa kingine. Na ukiweza kutembea, tembea mpaka mlangoni. Usiniambie utafika wapi."

Baba alimtazama kama mtu aliyeombwa kitu cha kitoto. Halafu akaniangalia mimi, akamwangalia mama yangu aliyekuwa amekaa miguuni pa kitanda, na nadhani alikuwa akingoja mmoja wetu acheke. Hakuna aliyecheka.

Akatoa kijiko kimoja. Naandika hivi kwa urahisi, lakini nilikuwepo asubuhi ile ya kwanza nyumbani Ulemo, nikamwona anakunywa chai ile huku amekunja uso kama anakunywa mwarobaini. Wiki iliyofuata nilikuwa nimesharudi mjini, mama akanipigia kusema ametoa kingine. Baadaye akaanza kutembea. Kwanza mpaka kwenye boma la ng'ombe. Kisha mpaka kwa jirani. Mama alinisimulia kwenye simu kwamba majirani walidhani mzee amechanganyikiwa, kila asubuhi anakwenda na fimbo yake kwa watu, anasalimia, anageuza, anarudi, bila shida yoyote aliyokwenda nayo.

Kwa kuwa hakuweza tena kushuka bondeni, kilimo kilibaki mikononi mwa mama, na hapo ndipo mama yule mwingine alipoonekana. Sijui alikuwa amejificha wapi miaka yote. Hakukodi shamba la mtu. Alilima eneo analoweza kulipalilia mwenyewe, akagawa mtama, alizeti na viazi, na kitunguu akakiacha kwenye matuta machache karibu na kisima. Baba aliona, akanyamaza. Ilikuwa zamu yake kunyamaza.

Kisha kuku. Kwetu kuku walikuwa wakifa kila mwaka. Upepo wa kiangazi ulipoanza tu, kideri kilipita, unaamka unakuta wamelala chini ya kinu shingo zimepinda, na watu wanasema ndiyo desturi ya kuku. Kumbe dawa ya kuzuia ipo, tone moja jichoni, na bei yake si ya kutisha mtu. Mtaalamu wa mifugo alikuwa ameshapita kijijini kulisema jambo hilo nikiwa bado mtoto. Nakumbuka siku ile, nakumbuka hata baba alivyomkatiza kwa utani na watu wakacheka. Mama alikuwa pale, alisikia, na alilihifadhi kichwani miaka yote hiyo kama mbegu kwenye kibuyu. Sasa aliwaomba wanawake wa jirani wachangie kichupa, akachanja kuku wake na wa majirani hao. Kiangazi kile kuku wa mama hawakufa. Kiangazi kilichofuata wakawa wengi mpaka wakaanza kulala juu ya mti.

Mimi nilikuwa nayaona haya kwa vipande, kila nilipokwenda kusalimia. Safari moja nilikuta bati mpya chache upande wa chumba cha watoto. Upande uliobaki ulikuwa bado wa nyasi, na nyumba ilionekana kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Safari nyingine bati zilikuwa zimeongezeka. Halafu choo cha tofali. Halafu tangi la kukingia maji ya mvua. Baba, aliyesema nyumba haijengwi kwa vipande, alinizungusha kunionyesha kila kipande kilipoongezwa na kuku gani au alizeti gani iliyokileta. Hakuna kilichokuja kwa kishindo. Huo ndio uchungu wenyewe, maana kila kitu pale kingewezekana tangu zamani.

Na walianza kuongea. Jumapili wakitoka kanisani walikaa kivulini mwa nyumba, baba akamuuliza mama wiki hii tufanye nini. Mara ya kwanza nilipoyasikia maneno hayo nilikuwa jikoni, nikasimama na mwiko mkononi. Mama alijibu bila kusita, akapanga siku baada ya siku, na baba akawa anaitikia.

Mdogo wangu alikulia humo. Alikunywa maziwa. Alikula yai asubuhi kabla ya shule, jambo ambalo mimi na wadogo zangu wa kiume tuliliona Krismasi. Wale wavulana wawili walishaondoka kwenda migodini Geita wakiwa hawajamaliza hata la saba, mmoja anarudi mara mojamoja, mwingine anatuma salamu tu. Huyu wa mwisho alibaki peke yake na wazazi waliokuwa wamejifunza.

Kuna jioni moja siisahau. Nilikuwa nimekwenda na wanangu, mdogo wangu akiwa kidato cha tatu. Tulipomaliza kula ugali na mlenda, aliinuka kukusanya vyombo. Mama akamwambia, "Acha hivyo, mwanangu. Nenda kasome, jua bado lipo. Nitaosha mimi." Alisema kwa kawaida kabisa, kama jambo la kila siku, na kweli lilikuwa la kila siku. Mdogo wangu akanawa mikono, akachukua daftari, akaenda kukaa nje.

Nikachukua sufuria nikaelekea jikoni. Nilikumbuka umri uleule, mama yuleyule, akinitoa kwenye kitabu mara tatu kabla sijafika mwisho wa ukurasa: maji, kuni, mtoto analia. Mtoto mwenyewe aliyekuwa analia ndiye huyu aliyekaa nje na daftari. Nilimpenda, nilimpenda sana, nilimlea kwa mgongo wangu. Na bado nililia, nikashukuru kwamba moshi wa jikoni ni kisingizio kizuri. Mama aliingia akachukua sabuni, akaniona, akatoka tena.

Mama hajawahi kuniomba msamaha kwa mdomo. Asubuhi ya kesho yake alinifungashia mayai. Aliyapanga kwenye ndoo, akamwagia pumba za mtama katikati yasivunjike, akaongeza jogoo mzima aliyefungwa miguu, akaongeza unga, akaongeza karanga, mpaka nikamwambia mama, nitabebaje. Tangu hapo kila nikienda narudi na mzigo mkubwa kuliko niliokwenda nao, na sijawahi kumwambia kwamba najua ni wa nini.

Mdogo wangu hakujua chochote. Nilikuja kuligundua hilo alipokuwa anangoja matokeo ya kidato cha nne, alipokuja kukaa kwangu mjini. Tulikuwa tunachambua mchele, nikamsimulia habari za vitunguu vilivyooza, pikipiki, redio, na baba alivyokuwa akisimama uani akitangaza mwaka. Nilidhani namkumbusha. Alinisikiliza kama anasikiliza habari za ukoo wa mbali, halafu akacheka kidogo.

"Dada, baba yupi huyo?" akauliza.

Baba anayemjua yeye anapima sukari yake kila baada ya muda kwenye zahanati, anakula kwa kipimo, anatembea asubuhi, anamwuliza mke wake. Angenielewaje? Nikamwambia ni baba wa zamani, tukaendelea na mchele.

Alifaulu, akachaguliwa chuo cha uuguzi. Wakati wa kumsindikiza nilikwenda Ulemo kumsaidia kufunga mizigo. Alipoondoka na gari la asubuhi nilibaki siku moja zaidi, na nilipokuwa natoka mimi baba alisema atanisindikiza mpaka barabarani. Alikuwa ameshika begi langu kwenye mkono usio na fimbo. Nilitaka kumpokea, akakataa. Alitembea vizuri. Nilikuwa mtoto wakati ana miaka arobaini na kitu, na naapa hakuwa na pumzi alizokuwa nazo siku ile akiwa mzee.

Tulipofika karibu na barabara alisimama. Upepo wa kwetu ulikuwa unavuma, unatupiga vumbi. Alianza kuongea kwa Kinyiramba, na mambo mazito kwetu husemwa kwa Kinyiramba, kwa hiyo haya ninayoyaandika ni yangu ya kufasiri.

"Wewe tulikupata tukiwa hatujui kitu," alisema. "Mdogo wako amekula akili tuliyoipata baadaye. Wewe ulikula ujinga wetu."

Nilimwambia baba asiseme hivyo, kila mzazi hufanya anachokijua.

Akatikisa kichwa. "Siku ile nilipokuambia msimu ujao utarudi shule, nilikuwa najua hutarudi. Nilijua wakati nasema."

Gari lilionekana likija kutoka upande wa Shelui. Ningeweza kusema yamepita. Watu wengi wangesema hivyo, na yeye pengine alikuwa analisubiri neno hilo. Lakini nilikuwa nimechoka na maneno ya kurahisisha mambo.

"Hata mimi nilijua, baba," nikasema. "Niliifua sare ile huku najua."

Aliniangalia. Alinikabidhi begi, akaweka mkono wake begani kwangu, mkono mzito, akauacha hapo mpaka gari liliposimama. Nikapanda. Nilipogeuka kumtazama dirishani alikuwa bado amesimama palepale, amenyoosha shingo kama anayehesabu kama nimepata kiti.

Haukupita muda mrefu akanipigia simu, akasema yeye na mama wameongea. Kuna masomo ya watu wazima mjini, wamesikia, mtu anasoma anafanya Mtihani wa Maarifa, akifaulu anafanya kidato cha nne. Wao watalipia. Nilicheka, nikamwambia baba mimi nina watoto, nina mvi mbili za mbele. Akasema, "Anza na somo moja. Hilo tu." Nikaijua sauti ya yule muuguzi ndani ya sauti yake.

Nilianza na Kiswahili. Kituo kilikuwa kwenye madarasa ya shule ya msingi baada ya watoto kuondoka, na tulikaa kwenye madawati yaleyale mafupi, magoti yakigonga juu. Mama mwenye duka, sasa ni bibi mzee, aliniruhusu kusoma kaunta asubuhi wateja wakiwa hawajaanza, na akiniona nimeinamia daftari alihudumia mwenyewe aliyeingia. Nikaongeza somo la pili, nikaongeza la tatu. Kilichonishangaza ni jinsi kichwa kilivyokuwa kigumu. Nilidhani hesabu zitakuwa zinaningoja mahali nilipoziacha. Hazikuningoja. Vitu nilivyokuwa nikivifanya kwa kichwa nikiwa msichana sasa nilivifanya kwa karatasi na bado nilikosea, na mwalimu, kijana mdogo mwenye subira, alinirudisha mwanzo tena na tena. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ambayo sikujua nimkasirikie nani. Mume wangu aliniwekea chakula.

Nilifaulu Mtihani wa Maarifa, na kidato cha nne nikafaulu masomo mengi. Hesabu nilifeli. Nikarudia, nikapata alama ya chini kabisa inayohesabika kuwa umefaulu. Nilipompigia baba kumwambia alifurahi mpaka akakohoa. Mimi nilikaa na simu mkononi baada ya kuikata. Mwalimu wa hesabu sitakuwa tena, umri umepita na alama haitoshi, na niliona ni afadhali niikubali habari hiyo siku ileile kuliko kuizungusha. Nimeomba kusoma cheti cha malezi ya watoto wadogo, wamenikubali, naanza mwakani, nitakuwa nafundisha wa chekechea kuhesabu vidole. Ni kitu. Watu wananipongeza, na huwa nawashukuru kwa dhati. Lakini yule msichana aliyeandika kwa mkaa kwenye jiwe sikumfikishia alichokitaka, na sidhani kama anafarijika kuambiwa kwamba tumepiga hatua.

Presha nimeanza kuwa nayo na mimi. Ilionekana mapema kwa sababu mdogo wangu ndiye aliyenipima, alipokuja likizo na kipimo chake. Sasa ameajiriwa zahanati moja upande wa Sepuka, na ananipigia kila wiki kuuliza nimetembea, nimepunguza chumvi. Anajua kusema na wagonjwa. Hapandishi sauti.

Mwezi uliopita tulikutana wote Ulemo, mdogo wangu akiwa amekuja moja kwa moja kutoka kazini na koti lake jeupe mkononi. Baba alimpokea, akalitundika koti lile kwenye msumari wa sebuleni kama kitu cha kanisani, na watoto wangu wakalizunguka kulitazama. Mimi na mama tulikuwa uani tunaanika michembe ya viazi juu ya mawe kabla jua halijapoa. Mama aliangalia ndani kupitia mlangoni, akatabasamu, kisha akaendelea kugeuza vipande vya viazi, kimoja kimoja.

"Namwona yule na namfurahia," akasema bila kuinua uso. "Halafu nakuona wewe."

Alikuwa ameshika kipande cha kiazi, anakigeuzageuza kana kwamba hajui upande upi umekauka. Nikasogea karibu yake tukamalizia jiwe lile pamoja, na lililofuata, mpaka wakatuita kula.